Mtoto Nisiyeweza Kumkatalia

Fimbo zilikuwa nyingi kuliko watoto. Kila mama aliyefika bandani asubuhi alikuja na mtoto mkono mmoja na ufito mkono wa pili, akanikabidhi vyote kwa pamoja, kama mtu anayeuza jogoo na kamba yake. "Huyu wangu bila hii hasikii," alisema wa kwanza. Wa pili akasema wake hata na hiyo hasikii, lakini niichukue tu, nisije nikasema sikupewa. Mmoja aliniletea mbili, moja ya akiba. Nilizipokea, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Fimbo niliruhusiwa kuzihesabu. Watoto, hapana. Kwetu Meru mtoto hanyooshewi kidole akahesabiwa kama mbuzi, maana ni kumwitia balaa. Kwa hiyo nilihesabu fimbo, nikatoa ile ya akiba, nikajua wamefika wote.

Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, ambayo sisi tuliita emajensi, kwa sauti ile ile tuliyotajia ndui. Kabla yake mimi nilikuwa mtu wa ndizi. Nilishuka Mitunguu, nikachagua mikungu ingali shambani, nikapanda nayo hadi soko la Gakoromone mjini Meru, nikakaa hapo nikibishana na dunia nzima mpaka jua lizame. Ndizi zikiadimika nilifuata maharagwe mpaka Embu. Kisha serikali ikasema Mmeru, Muembu na Mkikuyu hatembei bila pasi, karatasi ya ruhusa, na pasi hapewi mwanamke wa kuuza ndizi. Nyumba zetu zilizokuwa kila moja kwenye mgomba wake zikabomolewa, tukapangwa kijijini mstari kwa mstari karibu na msitu, kama mikebe kwenye duka la Mhindi. Juu yetu palikuwa na kambi ya homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali watulinde na watuchunge. Juu zaidi palikuwa na handaki, na handaki hilo lilichimbwa na akina mama, kila siku isipokuwa Jumapili, ili wapiganaji wa msituni wasishuke na chakula kisipande kwao.

Sasa mama akienda handakini, mtoto anabaki na nani? Mwanzoni waliwafungia ndani. Ikawa hivyo mpaka nyumba moja iliposhika moto mchana, na watoto wakatolewa wazima kwa bahati ya mtu aliyekuwa amelala mgonjwa nyumba ya pili. Ndipo akaja madamu mmoja Mzungu wa mambo ya akina mama, ametoka ofisi ya huko Embu, akaamuru banda lijengwe, liwekwe ua, na atafutwe mwanamke wa kuwatunza wale wadogo ambao hawajafikia umri wa shule.

Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, akaniita.

"Wewe mama wa ndizi," akasema, "mdomo wako unaweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe. Nenda ukawanyamazishe hao watoto."

"Na mimi napata nini?"

"Unapata kutochimba."

"Hiyo ni ya leo. Ya kesho je?"

Akanitazama kama mtu aliyeshika ndizi akakuta ni mbichi. "Unataka nini, wewe?"

"Pasi."

Alicheka, halafu akaacha kucheka, maana hata yeye alipenda ndizi za Mitunguu na alikuwa hajaziona siku nyingi. Tukapatana. Madamu angerudi mahindi yakianza kubeba. Akikuta watoto wote ndani ya ua, wametulia, na hakuna hata mmoja mwenye alama ya fimbo, hedimani angemwambia chifu, na chifu angenipa pasi ya soko. Akikuta mmoja nje ya ua, au mgongo mmoja una mstari, basi jembe langu lilikuwa linaningoja. Niliondoka pale nikidhani nimempunja. Mtu aliyezoea kushindana na wakubwa husahau kuuliza bei ya wadogo.

Masharti ya fimbo yalikuwa ya madamu. Alinieleza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Wewe hapana piga toto. Wewe sema pole pole. Toto yote furahi. Imba." Akaacha mpira mmoja na picha ya paka. Mpira ulikaa nasi mpaka kwenye saa nne asubuhi, ukavuka ua, ukawa mali ya homgadi. Karatasi ya paka ililiwa pembe na mtoto mmoja, halafu na wengine, mpaka yakabaki masharubu.

Akina mama nao walitaka nipige. Hedimani alitaka kimya na hakujali kimepatikanaje, mradi kisiache alama. Madamu alitaka furaha. Na watoto walitaka mchezo mmoja tu, ule waliouona kila siku. Mmoja analala kifudifudi na mikono kichwani. Mwingine anasimama juu yake na kijiti begani, anapiga kelele, "Pasi! Toa pasi!" Wengine wanajenga nyumba ya nyasi, kisha wanaibomoa, kisha wanakaa mbele yake wakilia kilio cha kuiga, na kilio cha kuiga kikikolea kinageuka cha kweli, na akilia mmoja wanalia wote. Nikisema wasilie, walilia kwa ghadhabu. Nikisema wasipande ua, ni kama nilikuwa nimeutangazia mnada, na hata wale ambao hawakuwa wameuona ua wakauona. Jioni sauti yangu ilikuwa imekwisha, mimi niliyeuza Gakoromone kutwa bila kukohoa. Nilikaa nikifikiri kwamba handaki lina ubaya wake, lakini angalau udongo haukuambii "sitaki."

Kiongozi wao alikuwa msichana wa miaka kama minne. Alikuwa mfupi, kichwa kimenyolewa, kitambaa kimefungwa begani, na sauti ya mnadi wa ng'ombe. Yeye ndiye aliyeamua nani alale kifudifudi. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ua una pengo nyuma ya jiko. Yeye ndiye, filimbi ya handakini ilipolia mchana, aliyekimbia hadi uani akaita "Mamaa!" mara moja tu, na banda zima likamfuata, likaning'inia kwenye ua likilia kama nyuki waliochokozwa. Filimbi hiyo ililia kila siku. Haikuwa ya kuwaachia akina mama, ilikuwa ya kuwapumzisha kidogo wanywe maji, lakini nenda ukamweleze hayo mtu wa miaka minne.

Siku moja, katikati ya kilio hicho, nilimshika mkono nikainua wangu. Madamu alikuwa mbali na nilikuwa nimechoka. Nje ya ua alikaa bibi yake, mwanamke mzee kuliko wote kijijini, aliyesamehewa handaki kwa ajili ya magoti. Kila asubuhi alimleta mjukuu wake, akakaa pale pale akisuka kiondo mpaka jioni. Hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu.

"Wewe mama," akasema, bila kupandisha sauti, "hebu simamisha huo mkono hapo hapo ulipo. Ninyi ni wa ukoo gani?"

Nikamwambia.

Akaweka kiondo chini. "Nilijua. Pua hiyo naifahamu. Sisi na nyinyi ni gichiaro."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo. Gichiaro ni undugu wa koo mbili, uliofungwa kwa kiapo na watu waliokufa zamani, kwa sababu ambazo hata wazee hawakubaliani. Mtu wa gichiaro humpigi, humwibii, humdanganyi. Na akikuomba kitu kwa jina hilo humnyimi, hata kama ni ng'ombe wako wa mwisho, naye hakuombi ng'ombe wa mwisho kwa sababu anaogopa kama unavyoogopa wewe. Ukikiuka, mikono yako haishiki tena baraka. Unachogusa kinaoza. Mkulima anaweza kubahatisha na jambo kama hilo. Mwuza ndizi hawezi.

"Huyu mtoto?" nikauliza. "Huyu, bibi? Kati ya wote hawa?"

"Huyu."

Mtoto alikuwa amesikia kila neno. Walio na miaka minne husikia barabara yale tu unayoomba wasisikie.

"Bibi, hawezi kunikatalia?"

"Hawezi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini ukiomba upuuzi utaota chunusi ulimini."

Akafikiri juu ya chunusi. Akaona ni bei nafuu. "Nataka kuwa askari," akaniambia. "Kwa gichiaro."

Wiki iliyofuata sijui niiandikeje bila kukasirika upya. Kwa gichiaro alikalia kigoda changu. Kwa gichiaro alishika mwiko wa uji, akaukoroga uji mpaka ukatoka sufuriani. Kwa gichiaro nilimbeba mgongoni kama mwanangu nikichanja kuni, na fimbo zile za akina mama ndizo zilizokuwa kuni. Wenzake waliona, wakaanza kuniuliza na wao ni wa ukoo gani. Na mimi siku zote nilikuwa natazama mahindi ya watu nikipita, kama yamekwisha kutoa ndevu.

Kilichoniokoa kidogo ni soko. Nilikuwa nimelala nimekasirika, nikajiambia: kukataa siwezi, lakini ni nani amenizuia kupatana? Gakoromone sijawahi kumkatalia mteja. Mteja akitaja bei ya kichaa humwambii "hapana." Unamwambia "ndiyo, mama, kwa hizi hapa ndogo."

Asubuhi akaja. "Nataka kuwa askari."

"Vizuri. Askari wa nini?"

"Wa pasi."

"Wa pasi wamejaa, wamekaa kambini hawana kazi. Mimi nahitaji askari wa soko."

"Askari wa soko anafanya nini?"

"Anakaa mlangoni. Anayeingia analipa jani. Bila jani haingii."

"Na anayetoka?"

"Sokoni nani anatoka kabla ya kuuza?"

Akakaa mlangoni, akadai majani siku nzima. Waliokuwa ndani walitaka kuingia, kwa hiyo walizunguka banda, wakachuma majani ya kwenye ua, wakapanga foleni kutoka ndani kuja ndani. Lile pengo la nyuma ya jiko likasahauliwa, maana pengo halina askari na mahali pasipo na askari wanakwenda kutafuta nini? Nyumba za nyasi zilibaki zimesimama, zikawa vibanda vya kuuzia udongo.

Nikarudi kwenye ujanja wangu mwingine wa zamani, mmoja mmoja. Humwulizi mteja kama atanunua. Unamwuliza, huu mkungu au ule? Kwa hiyo sikuwaambia tena wakae. Niliuliza, "Utakalia gunia au utakalia jiwe?" na mtoto aliyekuwa amejitayarisha kusema "sitaki" alijikuta anachagua gunia. Tena, ukitaka kusifu ndizi usisifu shamba lote, watu watakucheka. Unasifu moja, unaionyesha. Nilipomwambia mtoto "wewe ni mzuri" alinitazama tu. Nilipomwambia "nimeona umemsogezea mwenzako kikombe," alikitafuta kikombe kingine akisogeze. Sikuyafanya hayo kwa mapenzi. Nilikuwa nauza.

Lakini filimbi ilinishinda. Ikilia, soko linavunjika, askari anaacha mlango, "Mamaa!" na wote uani. Na madamu, kwa jinsi barabara ilivyokuwa, angefika mchana tu. Niliyapima: asubuhi gari linatoka Embu, linapita Chuka, linakwama mahali, linafika filimbi ikilia. Nikayapima tena, yakatoka vile vile.

Nikamwendea bibi. Nilichuchumaa upande wangu wa ua, yeye upande wake.

"Bibi, mnanitakia nini? Siwezi kumpiga, siwezi kumkatalia. Wenzake wanamfuata kama kondoo. Mahindi yamebakiza kidogo tu yabebe, na nitarudi handakini kwa sababu ya mjukuu wako."

"Nani alikuambia gichiaro huenda upande mmoja?" Hakuinua macho kwenye kiondo.

"Nini?"

"Akikuomba humnyimi. Ukimwomba je? Omba na wewe."

"Nimwombe mtoto wa miaka minne!"

"Ukoo hauna umri. Lakini umwombe kama unavyoomba mtu. Usisimame juu yake kama kambi. Kaa chini, mwangalie. Na usimwombe aache kitu. Kuacha si kitu, mtu atakibebaje? Omba anachoweza kukushikisha mkononi."

Nilirudi nikinung'unika. Sijawahi kupiga magoti mbele ya mteja, hata wa jumla. Nikamkuta amesimama mlangoni na majani yake, nikakaa chini kwenye vumbi mpaka macho yetu yakalingana.

"Mwenzangu," nikasema. Ilikuwa tabu kulitoa neno hilo. "Nakuomba kwa gichiaro. Filimbi ikilia, mimi nina maharagwe ya kesho hayajachambuliwa, na mikono yangu ni miwili tu. Nikopeshe yako. Uniletee na ya wenzako."

Alifikiri kwa muda mrefu, kama mnunuzi anayenusa papai.

"Mikono yote?"

"Yote."

"Na wewe unakaa?"

"Nakaa hapo hapo."

"Na mawe tunatupa?"

"Mawe mnatupa kwenye debe. Yanalia vizuri."

"Haya."

Siku ya kwanza alisahau. Filimbi ililia, akakimbia, akaita, wote wakafuata. Nilikaa kwenye maharagwe peke yangu na nilimlaani yule bibi kwa moyo wangu, nikakumbuka kwamba hata yeye ni gichiaro, nikafuta. Baadaye yule mtoto akarudi, machozi na kamasi vimechanganyika, akanyoosha mikono miwili mbele yangu. "Hii hapa," akasema, huku bado analia. Akachambua akilia. Siku ya pili alikimbia nusu ya njia akasimama. Siku nyingine alikuja moja kwa moja, halafu siku iliyofuata akarudia mambo yake ya zamani, mimi nikaanza upya kukaa kwenye vumbi na kuomba. Haikuwa kama kufungua bomba la maji. Ilikuwa kama kuivisha ndizi za baridi: unafunika, unafunua, bado.

Kijiji kilinicheka. "Yule anayeomba watoto ruhusa!" walisema akina mama wakirudi na majembe. "Kesho atamwomba mbuzi amkamue." Hedimani akapita akaniambia, "Nasikia unawapigia watoto magoti. Mimi nilidhani nimeajiri mtu mkali."

"Umewasikia kelele leo?"

Akasikiliza. Mawe madogo yalikuwa yanaangukia kwenye debe. Akaenda zake.

Madamu alifika mahindi yakiwa yametoa ndevu, na alifika mchana kama nilivyopima. Nilimwona anakuja na hedimani mbele, hedimani amevaa koti kwenye jua. Wakafika mlangoni. Askari wa soko akasimama katikati.

"Jani," akasema.

Hedimani akatazama chini. "Toka hapo."

"Jani kwanza."

Nyuma yangu banda zima lilinyamaza, na hakikuwa kimya kile nilichokuwa nimeahidi. Walikijua kimya hicho. Hicho ndicho walichokuwa wakikiigiza walipolala kifudifudi. Mkono wa hedimani ulikuwa umeshaanza kupanda, bakora yake ya henzirani ikiwa ndani yake. Nikaona pasi yangu, jembe langu, na mgongo wa mtoto, vyote mahali pamoja. Kumwambia "ondoka" sikuweza. Kumvuta sikuweza. Nikakaa chini kwenye vumbi mbele ya hedimani na Mzungu wake, na nguo yangu nzuri.

"Mwenzangu, hawa wametoka mbali, kwao hakuna soko, hawajui. Nakuomba kwa gichiaro uwape wewe majani, moja moja, wapate kulipa."

Akanitazama. Akamtazama hedimani, kwa dharau kidogo, kama tunavyomtazama mtu aliyekuja sokoni mikono mitupu. Kisha akaenda uani, akachuma jani kubwa na dogo. Kubwa akampa madamu. Dogo akampa hedimani. Akarudi mahali pake, akanyoosha mkono, akapokea kubwa, akapokea dogo, akasogea.

Madamu alifurahi mpaka akawa mwekundu. "Muzuri! Muzuri sana!" Hedimani aliingia akijifuta vidole kwenye koti kana kwamba ameshika kiwavi. Na hapo, wakiwa katikati ya banda, filimbi ikalia. Yule mtoto akaacha mlango, akageuza kichwa kwenye handaki, nikaona kifua chake kinapanda. Halafu akasema, "Maharagwe," kwa sauti ile ya mnadi, na wakaenda, mmoja baada ya mwingine, wakakaa kwenye magunia.

"Fimbo wapi?" madamu akaniuliza, akitazama huku na huku.

"Nimepikia uji, madamu."

Hedimani hakuvunja maneno yake, na kwa hilo nitamshukuru. Baada ya siku chache, jioni, akaja bandani na karatasi ya chifu. Pasi. Ilikuwa ya safari moja: kesho yake, siku ya soko, kushuka Mitunguu, kupanda Gakoromone, kurudi kabla ya kafyu, saa ya watu wote kuwa ndani. "Ukienda vizuri ukarudi vizuri, chifu anakuandikia ya mwezi," akasema. "Usipoitumia, atasema unafanyia mzaha serikali, na mimi simo." Kesho hiyo bandani angekaa mke wa mdogo wake. Nilimfahamu. Alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga.

Niliisoma ile karatasi, nikaisoma tena. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua mikungu kichwani, ule uliokomaa pembe, ule wa kusubiri. Nilipoinua macho, yule mtoto alikuwa amesimama mbele yangu. Bibi yake alikuwa nyuma yake, amekuja kumchukua.

"Kesho unakwenda?"

"Nakwenda sokoni. Soko lenyewe, la watu wazima."

"Nani atakaa?"

Nikamwambia. Akafikiri. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumfundisha kwa makusudi. Akakaa chini kwenye vumbi, akanivuta kwa nguo mpaka na mimi nikakaa, macho yetu yakalingana.

"Mwenzangu," akasema. "Nakuomba kwa gichiaro. Kesho uje."

Nilimtazama bibi yake. "Bibi, mtoto huyu hajui anachosema."

"Ulipokuwa unamwomba ulisema anajua."

"Nilikuwa... Bibi, ni pasi! Unajua nimeingoja kiasi gani? Omba kingine, mwenzangu. Omba ndizi. Nitakuletea mkungu mzima, wako peke yako, utaukalia."

"Kesho," akasema.

"Keshokutwa nipo, siku zote zilizobaki nipo."

"Kesho."

"Basi na mimi nakuomba! Kwa gichiaro hiyo hiyo: nipe kesho!"

Bibi akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka, na meno yake yalikuwa machache. "Aliyeomba kwanza hupewa kwanza," akasema. "Hata sokoni si ndivyo?"

Sikulala vizuri. Nilipatana na marehemu wa koo zote mbili, mmoja mmoja. Niliwaambia miaka minne si mtu wa kiapo. Niliwaambia wakati wao hapakuwa na pasi. Niliwaambia wanipe siku moja, moja tu, nitawalipa. Hawakupunguza hata senti. Ni wagumu kuliko Wahindi.

Asubuhi, kafyu ilipofunguliwa, watu wachache wenye pasi walipita barabarani na vikapu vitupu vya kwendea soko, wakizungumza. Mmoja akaniita, akauliza kama siendi. Nikamwambia tumbo linanisokota. Karatasi ilikuwa kifuani, imeanza kulowa jasho. Nilisimama mlangoni mwa banda nikipokea watoto na fimbo, nikizihesabu vibaya, nikianza upya. Yule mke wa mdogo wake hedimani alifika, akaniona, akageuka akarudi alikotoka bila kusikitika. Jioni hedimani angejua, na chifu baada yake, na pasi ya mwezi isingeandikwa. Haikuandikwa mpaka siku pasi zilipokoma kwa watu wote.

Wa mwisho kufika alikuwa yeye, amefuatana na bibi. Nilingoja aseme neno. Nilikuwa nimestahili neno. Alinipita, akaingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye gunia lake, akamkuta mwenziwe amelikalia.

"Unataka gunia au jiwe?" akamwuliza.

Mimi hakunisalimu hata.